Nichague programu ipi ya kuchomea diski kwenye Linux?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimehamia Linux hivi karibuni, na nina draivu ya DVD ya nje, ile ya kuchomeka kwenye USB. Nina kazi tatu: CD za muziki za kusikiliza kwenye redio ya gari la zamani, DVD za kuhifadhia picha za familia, na mara mojamoja kuchoma faili la ISO. Programu iliyokuja na mfumo wangu imeniharibia DVD mbili. Ya tatu ilikubali, lakini kwenye kompyuta ya ndugu yangu baadhi ya picha hazifunguki. Nikiuliza natajiwa K3b, Brasero, Xfburn, wodim, growisofs, xorriso. Nichague ipi?

JIBU: Kama unataka jibu la haraka, weka K3b kwa ajili ya muziki na kazi za kila siku, jifunze amri chache za xorriso kwa ajili ya picha, na ISO (faili moja lililobeba diski nzima) ichome kwa yoyote kati ya hizo mbili. Lakini nakusihi usiishie hapo. Kubadilisha programu peke yake huenda kusikuokolee hata diski moja. Kwa jinsi ulivyoeleza, sina hakika kama DVD zako mbili ziliharibiwa na programu, na picha zisizofunguka zinaweza kuwa na sababu nyingine kabisa.

Kwanza, majina uliyotajiwa si ya vitu vya aina moja. K3b, Brasero na Xfburn ni madirisha: unaburuta mafaili, unabonyeza, unasubiri. Wodim, growisofs na xorriso ni programu za kuandikiwa amri kwenye terminali, na hizo ndizo zinazozungumza na draivu yenyewe. Kwa kawaida dirisha hukusanya matakwa yako kisha humwachia kazi mmoja wa hao walio nyuma ya pazia. Ndiyo maana mtu anaweza kuhama dirisha moja kwenda jingine, akaona rangi mpya na vitufe vipya, lakini kosa likabaki lilelile, kwa sababu aliyekuwa akichoma ni yuleyule.

K3b, iliyoanzishwa na Sebastian Trüg mwaka 1998, huitumia cdrecord au wodim kwa CD, growisofs kwa DVD, na cdrdao kwa baadhi ya kazi za muziki. Xfburn haiiti programu nyingine. Inatumia moja kwa moja maktaba za libburn na libisofs, ambazo ndizo moyo wa xorriso pia. Brasero inaweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili, kutegemea viongezi vilivyowashwa. Kwa hiyo ukitoka K3b kwenda Xfburn umebadilisha injini kwelikweli. Ukitoka K3b kwenda Brasero iliyowekewa growisofs, kwa upande wa DVD bado uko palepale.

Wodim nayo ina historia ambayo inafaa uijue, maana inaeleza ushauri mwingi unaokinzana utakaokutana nao. Kwa miaka mingi kazi ya kuchoma kwenye Linux ilifanywa na cdrecord ya Jörg Schilling. Mwaka 2006 ulitokea mgogoro wa leseni kati yake na watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, nao wakachukua msimbo wa zamani wakautengenezea tawi lao, cdrkit. Humo cdrecord ikaitwa wodim, na mkisofs, ile ya kutengeneza faili la ISO, ikaitwa genisoimage. Toleo la mwisho la cdrkit lilitoka mwaka 2010. Growisofs ya Andy Polyakov, iliyoandikwa kwa ajili ya DVD, haijatoa toleo jipya tangu 2008. Zote mbili bado zinafanya kazi, na mifumo mingi ya Linux inaendelea kuzibeba pamoja na marekebisho madogo. Xorriso ya Thomas Schmitt ndiyo iliyoendelea kutunzwa na mwandishi wake, naye ni mtu anayezijua tabia za draivu za leza kwa undani usio wa kawaida. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendekeza kwa vitu ambavyo hutaki kuvipoteza.

Jambo jingine la kuhusu umri: ukikuta maelekezo yanayokutaka uandike dev=0,0,0 au uwashe ide-scsi kabla ya kuchoma, yapite. Ni ya zama za kabla ya keneli (kiini cha Linux) toleo la 2.6, iliyotoka Desemba 2003. Siku hizi draivu yako ni /dev/sr0, basi.

Sasa turudi kwenye hizo DVD mbili. Kabla hujailaumu programu, soma alichosema draivu. Madirisha mengi ya kuchomea yana mahali pa kuonyesha kumbukumbu za kazi nzima, na watu wengi huyafunga bila kuzisoma. Chomo la DVD lililopitia growisofs likishindikana, tafuta humo mstari wenye herufi SK na namba. Ni jibu la draivu yenyewe, na namba hiyo inakuambia wa kumlaumu. SK=2h maana yake draivu haikuwa tayari, mara nyingi kwa sababu diski ilikuwa haijatulia au haikusomeka kabisa. SK=3h ni tatizo la diski au la leza kushindwa kuandika juu yake. SK=4h ni ubovu wa kifaa. SK=5h ndiyo inayoielekea programu: imeomba kitu ambacho draivu hiyo, au diski hiyo, haikikubali.

Chukua mfano mmoja wa karibu. Ukiona ujumbe wa makosa ya eneo la kupimia nguvu, wenye ASC 73 na ASCQ 03 (namba za ziada za kufafanua kosa), ujue chomo lilikufa hata kabla ya faili la kwanza kuandikwa. Kabla ya kuanza, draivu huchoma alama ndogo za majaribio karibu na katikati ya diski ili ijue leza iwashwe kwa nguvu kiasi gani kwa diski hiyo hasa. Ikikosa jibu linaloeleweka, inaacha. Hapo hata ukijaribu programu zote ulizotajiwa utapata kosa lilelile. Dawa ni diski za aina nyingine, kusafisha lenzi, au draivu nyingine.

Kwa draivu ya nje kama yako kuna mshukiwa mwingine, tena ninayemtilia shaka zaidi: umeme. Mlango wa USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500, na leza inapoandika, hasa ikielekea ukingoni mwa diski, draivu nyembamba inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Dalili zake ni hizi: chomo linaanza vizuri, linafika nusu au robo tatu, kisha draivu inazima na kuwaka tena yenyewe, na programu inalalamika kwamba kifaa kimepotea. Fungua terminali nyingine, andika dmesg -w, kisha choma. Ukiona USB imekatika katikati ya kazi, umempata mkosaji. Chomeka draivu moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kwenye kigawanyio, tumia waya mfupi uliokuja nayo, na kama draivu ina waya wenye vichwa viwili vya USB, tumia vyote viwili. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha diski nyingi zinazosingiziwa Linux.

Ruhusa pia huleta shida, ingawa si mara nyingi tena. Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua /dev/sr0, usikimbilie kuendesha K3b kwa sudo. Jiongeze kwenye kundi linalomiliki draivu, ambalo kwenye Debian na Ubuntu ni cdrom na kwenye Arch ni optical, kisha toka na kuingia tena.

Kuhusu kuchagua dirisha: K3b ndiyo kamili kuliko zote, na inafanya kazi hata kama hutumii eneokazi la KDE ilikotoka, ila itavuta maktaba nyingi za KDE wakati wa kuiweka. Kama kompyuta yako ni nyepesi na huna nafasi, Xfburn ni chaguo la heshima: inachoma data, muziki na ISO, inafuta diski za kuandikika upya, na haina mbwembwe. Brasero ni rahisi kwa macho, lakini maendeleo yake yamepoa sana, na mtu anayeanza leo sioni sababu ya kumwelekeza huko. Uamuzi huu ni wangu. Yupo atakayeitetea Brasero, naye atakuwa na diski nzuri za kuonyesha.

Tuje kwenye muziki wa gari. Kabla ya yote, angalia uso wa redio. Ikiwa haina alama ya MP3, inataka CD ya muziki halisi, na hapo kinachohesabiwa ni dakika. Ukubwa wa mafaili hauna kazi tena. Diski ya kawaida inabeba dakika 80, na nyimbo zisizozidi 99. Haijalishi kwamba MP3 zako zote zina megabaiti 120 tu, kwa sababu programu itazifungua kwanza zirudi kuwa sauti isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili. Kwenye K3b fungua mradi wa CD ya muziki, buruta nyimbo, na utazame mstari wa chini unaoonyesha dakika zilizotumika. Ikikataa MP3, kinachokosekana ni kifurushi cha ziada. Kwenye Debian na Ubuntu kitafute kwa neno k3b ukichague chenye extracodecs mwishoni mwa jina lake.

Chagua namna ya kuandika diski yote kwa mkupuo mmoja, inayojulikana kwa herufi DAO. Ile ya TAO huandika wimbo mmoja mmoja, leza ikizimwa na kuwashwa kati yake, na huacha kimya cha sekunde mbili baina ya nyimbo. Kwa albamu ambayo nyimbo zake zinaungana, kimya hicho kinaudhi. Na tumia CD-R, si CD-RW. Diski ya kuandikika upya huakisi mwanga wa leza kidogo mno ikilinganishwa na CD-R, na redio za zamani zilitengenezwa bila kuifikiria. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akibadilisha programu kumbe redio yake haioni chochote.

Ikiwa redio ina alama ya MP3, choma CD ya data ya kawaida yenye mafaili ya MP3. Humo zitaingia nyimbo nyingi mno kuliko dakika 80. Tumia mpangilio wa mafaili wa ISO 9660 pamoja na nyongeza yake ya Joliet, achana na mpangilio wa UDF, weka majina mafupi ya mafaili, na hakikisha diski imefungwa mwishoni, yaani hakuna nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya kuongeza baadaye. Redio nyingi husoma sesheni ya kwanza tu, yaani yale yaliyoandikwa kwa mkupuo wa kwanza.

Kuhusu kasi, ushauri wa zamani wa kuchoma kwa kasi ndogo kabisa haufai kila mahali. Diski za sasa zimetengenezwa kwa kasi fulani, na draivu ina mipango yake ya nguvu ya leza kwa kila aina ya diski inayoitambua. Kasi ya chini sana inaweza kuwa mbaya sawa na ya juu sana. Chagua ya katikati: kwa CD 16 au 24, kwa DVD 4 au 8. Draivu nyingi nyembamba za nje zinaishia 8 kwa DVD hata kama karatasi ya diski imeandikwa 16.

Picha za familia ndizo zinazostahili maelezo marefu, kwa sababu hizo haziwezi kununuliwa tena.

Anza na ukubwa. DVD inayoandikwa GB 4.7 inahesabiwa kwa elfu, yaani baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na kwa hesabu hiyo diski ileile ni GiB 4.38 tu. Dolphin, kidhibiti cha mafaili cha KDE, huonyesha GiB. Kile cha GNOME, eneokazi jingine, huonyesha kwa elfu. Folda ambayo Dolphin inasema ni 4.5 haitaingia, na hutaelewa kwa nini. Pima kwa baiti ili usidanganyike:

du -sb ~/Picha

Namba ikizidi 4,700,000,000 gawanya. Hata ikiwa chini yake, mimi nisingejaza diski mpaka ukingoni. Diski huandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na sehemu ya nje kabisa ndiyo yenye makosa mengi zaidi, ndiyo inayoshikwa na vidole, ndiyo inayokwaruzwa. Ishia kwenye baiti bilioni 4.2 hivi.

Hapa sasa ndipo picha za kwa ndugu yako zinapoingia. Ungeniambia zinakosekanaje ningejua zaidi, kwa hiyo chunguza mwenyewe. Ikiwa jina la picha linaonekana, ukibofya draivu inanguruma muda mrefu kisha inasema imeshindwa kusoma, na picha hizo ni zile za mwisho kuandikwa, basi ni makosa ya kusoma kwenye ukingo. Draivu yako inaweza kuyavumilia na ya kwake isiyavumilie. Ikiwa majina yamekatwa au folda fulani haionekani kabisa, ni suala la mpangilio wa majina. ISO 9660 ya asili ni ya majina mafupi ya herufi kubwa. Juu yake Linux husoma nyongeza ya Rock Ridge, na Windows husoma Joliet. Dirisha lililochoma Rock Ridge bila Joliet litakupa diski nzuri kwako na vurugu kwa mwenzako. Joliet kwa kanuni inaishia herufi 64 kwa jina, na haikubali alama kama nukta mbili pacha au alama ya kuuliza, ambazo Linux inaziruhusu bila neno. Picha iliyopewa jina lenye saa, kama 14:05:33, ni mfano mzuri wa faili litakalobadilishwa jina njiani.

Ndiyo maana kwa picha napenda kazi ifanyike kwa hatua zinazoonekana. Kwanza andika orodha ya alama za kuhakiki ndani ya folda yenyewe:

cd ~/Picha
find . -type f ! -name ORODHA.sha256 -exec sha256sum {} + > ORODHA.sha256

Kila faili sasa lina mstari wake wa herufi 64 unaolitambulisha. Baiti moja ikibadilika, mstari hautalingana. Orodha hii itachomwa pamoja na picha, na miaka kumi baadaye mtu yeyote mwenye Linux ataweza kuingia kwenye diski na kuandika:

sha256sum -c --quiet ORODHA.sha256

Amri ikirudi kimya, kila picha ni ileile uliyoihifadhi. Ikitaja jina, ni hilo tu lililoharibika.

Hatua ya pili ni kutengeneza faili la ISO kwenye diski kuu ya kompyuta kabla ya kugusa DVD:

xorriso -as mkisofs -r -J -joliet-long -V PICHA_01 -o ~/picha01.iso ~/Picha

Herufi r inaweka Rock Ridge na kuifanya kila picha isomeke na yeyote, J inaweka Joliet, na joliet-long inaruhusu majina ya herufi mpaka 103. V ni jina la diski. Ikitokea shida ya majina au ya nafasi, itatokea hapa, bila kupoteza diski. Kisha choma:

xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 speed=4 -eject ~/picha01.iso

Diski ikitoka, irudishe ndani. Kuitoa ni kwa makusudi: kunailazimisha Linux isome upya kutoka kwenye diski badala ya kukujibu kwa kumbukumbu iliyobaki kichwani mwake. Halafu linganisha:

cmp -n $(stat -c %s ~/picha01.iso) ~/picha01.iso /dev/sr0

Amri hii inasoma baiti zilezile tu zilizomo kwenye faili la ISO na kuzilinganisha moja baada ya nyingine. Kimya maana yake zote ni sawa. Wengi huandika sha256sum /dev/sr0, wakaona namba hailingani na ya faili, wakatupa diski nzima kabisa. Sababu ni kwamba diski huwa na mkia. DVD huandikwa kwa mafungu ya sekta 16, kwa hiyo fungu la mwisho hujazwa sifuri. CD iliyochomwa kwa TAO huacha mwishoni sekta mbili zisizosomeka, na Linux ikijaribu kuzigusa hulalamika kana kwamba diski ni mbovu. Kuweka kikomo cha baiti kunaondoa utata huo wote.

Kama hupendi terminali, K3b ina kisanduku cha kuhakiki data baada ya kuchoma. Kiwekee alama, kila mara, na usikiondoe hata ukiwa na haraka. Kwangu mimi diski ya picha ambayo haijahakikiwa ni diski ambayo haijachomwa.

Xorriso ina uwezo mwingine ambao madirisha hayaufikii kwa urahisi: kuongeza mabadiliko tu. Ukitaka diski moja ya kupokea picha mpya kila baada ya muda, anza na diski tupu na urudie amri hii kila mara, ukiweka jina lako la mtumiaji mahali pa jina:

xorriso -for_backup -joliet on -dev /dev/sr0 -volid PICHA -update_r /home/jina/Picha /Picha -commit_eject all

Inalinganisha folda na yaliyomo kwenye diski, inaandika yaliyobadilika kama sesheni mpya, na inatunza alama za kuhakiki za kila faili ndani ya diski yenyewe. Uzikague hivi:

xorriso -for_backup -indev /dev/sr0 -check_md5_r sorry / --

Lakini tahadhari: update_r hufuata folda yako kwa uaminifu. Ukifuta picha kwenye kompyuta, kwenye sesheni mpya nayo haitaonekana, ingawa bado imo kwenye sesheni ya nyuma. Na diski ya kumpelekea ndugu yako isiwe ya namna hii. Yake ichome mara moja na kuifunga.

Choma nakala mbili za kila diski, kwenye diski za watengenezaji wawili tofauti, ili kasoro ya kundi moja isikumalize. Zihifadhi mbali na mwanga, kwani rangi inayobeba data kwenye DVD-R na DVD+R huharibiwa nao. Ukiwa na picha nyingi mno, fikiria Blu-ray ya GB 25. Utahitaji draivu yake, na xorriso inaichoma kwa amri zilezile bila kujifunza jipya. Wodim haikuandikwa kwa ajili yake.

Kuhusu ISO nitakuwa mfupi. Faili la ISO ni diski nzima iliyokunjwa ndani ya faili moja. Halichomwi kwa kuliburuta ndani ya mradi wa data. Ukifanya hivyo utapata diski yenye faili moja ndani linaloishia na .iso, na kompyuta haitawaka kwayo. Kwenye K3b na Xfburn kuna kazi ya kuchoma taswira ya diski. Hiyo ndiyo ya kutumia, au ile amri ya xorriso ya kuchoma niliyoitoa juu. Kabla ya kuchoma, pima sha256sum ya faili na uilinganishe na iliyotangazwa na waliolitoa. Na angalia ukubwa: ISO ya Ubuntu 24.04 ya eneokazi inazidi GB 5, kwa hiyo haiingii kwenye DVD ya tabaka moja. Kwa hiyo flashi ya USB inakufaa zaidi, isipokuwa kompyuta unayotaka kuiwasha haikubali kuanza na USB.

Limebaki suala la ile DVD ya tatu. Kama picha zilizomo bado unazo kwenye kompyuta, choma upya na sahau. Kama ulishazifuta, usiendelee kuzifungua moja moja kwa kulazimisha. Weka kifurushi cha gddrescue, ambacho kwenye mifumo mingine kinaitwa ddrescue tu, kisha:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map

Amri ya kwanza inachukua haraka kila kinachosomeka bila kung'ang'ania. Ya pili inarudia sekta zilizokataa mara tatu. Faili la okoa.map ndilo linalokumbuka sekta zipi zimepatikana na zipi bado. Ikibaki mapengo, hamishia okoa.iso na okoa.map kwenye kompyuta nyingine yenye draivu tofauti na urudie amri ya pili palepale. Itatafuta yaliyokosekana tu. Draivu mbili hazikosei sekta zilezile kila mara, na mara nyingi moja huziba pengo la nyingine. Ukimaliza, fungua okoa.iso kwa kuibofya kwenye kidhibiti cha mafaili, kama ungefungua diski yenyewe, na unakili picha zako nje kabla ya kufanya jambo jingine lolote.